Nyota ya Ukili

Ijumaa, 6 Desemba

Shule zimefungwa leo. Mimi huandika shajara wakati wa likizo tu. Nilipokuwa nikifundisha, muhula ulikuwa na maandalio ya masomo ya kutosha kuandika, na mazoea hayo hayakustaafu pamoja nami.

Mvua za vuli zilitakiwa ziwe zimekwisha. Imenyesha tangu asubuhi na bati la jikoni linavuja mahali palepale pa mwaka jana.

Felista alipiga simu baada ya sala ya alasiri. Alisalimu kwa adabu, sikatai. Kisha akasema, "Mama, nitakuja Krismasi. Safari hii nataka nirudi na Nasrin Tanga."

Nikamwuliza, "Kwa siku ngapi?"

"Nirudi naye, mama."

Nikasema nimesikia. Kusikia si kukubali.

Niandike mambo kwa utaratibu. Nasrin ni binti wa mwanangu Mikdad, aliyefariki kwa ajali ya pikipiki karibu na Vigwaza. Felista alikuwa mke wake, Mkristo, mtu wa Lugoba. Alikaa eda yake katika nyumba hii mpaka ikaisha, hilo namshuhudia. Baadaye akaenda Tanga kutafuta kazi, akaniachia mtoto. Sasa ni mpishi katika shule ya wasichana huko na amepewa nyumba ya kuishi. Mtoto ana miaka tisa. Tangu azikwe baba yake amelala chumbani kwangu.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua. Nasrin amefua sare zake, nami nimezifua upya.

Jumatatu, 9 Desemba

Asubuhi, nikichambua mchele, Nasrin aliniuliza, "Bibi, mama akija atakuta tumempambia?"

"Tumempambia nini?"

"Nyumba. Krismasi kwao wanapamba."

Nilimwambia tutaona. Katika darasa langu neno hilo lilikuwa na maana ya hapana. Yeye alilipokea kama ndiyo, akaondoka anaruka.

Nimekaa na mchele mapajani muda mrefu kuliko mchele ulivyohitaji. Mtoto hajui anamwuliza nani. Nilipokuwa na umri wake, Desemba yote niliimaliza katika ua wa Mzee Leopold, seremala, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu. Binti yake Anjelina alikuwa rika langu. Likizo ikianza tu, watoto wa mtaa, wa msikitini na wa kanisani, tulijaa pale kama kuku penye mtama. Tulikata vipande vya karatasi za rangi zilizofungia majani ya chai na biskuti, tukavipinda pete, tukavigandisha kwa uji wa muhogo, mpaka mnyororo ukazunguka sebule yao mara mbili. Panya waliula usiku, asubuhi tukaanza tena. Usufi tuliuokota chini ya mti nyuma ya boma, tukawabandikia kondoo wa udongo. Ngamia tuliwafinyanga pia, lakini hakuna miongoni mwetu aliyekuwa amemwona ngamia, kwa hiyo wote walitoka mbuzi wenye kibyongo. Mzee Leopold aliwakagua akiwa amevaa miwani yake, akasema, "Hawa watafika Bethlehemu mwakani."

Mti ulikuwa tawi la mvinje, limesimamishwa katika debe la mchanga. Nyota ya juu ilisukwa na mama yangu. Ndiyo, mama yangu, aliyekuwa hakosi sala hata moja. Alituketisha watoto wote juu ya jamvi, akatufundisha kusuka miyaa, zile tepe nyembamba za majani ya mkindu, akisema kazi ya mkono haiulizi dini. Siku ya Krismasi sinia la pilau lilitoka kwao likaja kwetu limefunikwa kawa, na siku ya Idi kawa ileile ilirudi na letu.

Nimeandika mengi. Mchele bado una mawe.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua mpaka magharibi. Nasrin ameuliza mara mbili kuhusu mapambo.

Jumatano, 11 Desemba

Sufiani, mdogo wa marehemu mume wangu, amekuja. Huingia bila hodi. Anasema hodi ni ya wageni. Nilimweleza habari ya simu. Alisikiliza huku akizungusha tasbihi, kisha akasema:

"Shemeji, hapa hakuna la kubabaika. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Tarehe ishirini na sita naita baraza: wazee wetu na mwenyekiti wa mtaa. Yule mwanamke atakuwepo, ataulizwa, yataisha."

"Na mimi nitaulizwa nini?"

"Swali moja tu. Alimtelekeza mtoto au hakumtelekeza? Wewe ni Mwalimu Mwanamkasi. Nusu ya mji huu umeichapa wewe. Ukisema alimtelekeza, nani atabisha?"

Akaongeza kwa sauti ya chini, "Unataka jukuu lako lipelekwe kanisani?"

Nilimwambia kwanza aseme mjukuu wako apelekwe, halafu nitamjibu. Alicheka, akanywa chai, akaenda zake. Swali lake limebaki.

Sijui kama nalichukia. Usiku huu nimemtazama mtoto amelala, nikafikiri: neno moja tu.

Ijumaa, 13 Desemba

Jua limetoka. Tumekwenda dukani kwa Abizer kutafuta karatasi ngumu ya kumtengenezea mama yake kadi. Kadi haina ubaya.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, Abizer. Una karatasi za rangi?"

"Za rangi? Hizo alikuwa akiuza babu Hassanali, Mwalimu. Sasa hivi watu wanataka hii." Akateremsha nyota ya plastiki kutoka juu ya makopo ya maziwa. "Inawaka, inazima, inaimba kabisa."

Nasrin akauliza, "Inaimba nini?"

"Mimi mwenyewe sijui, mdogo wangu. Ikianza hainyamazi mpaka uing'oe betri. Juzi iliniimbia saa nzima katikati ya wateja, mama yangu akataka kuitupa barabarani."

Mtoto aliishika kwa mikono miwili. Aliniangalia. Nikasema, "Rudisha. Anayetaka nyota huisuka mwenyewe."

Nilisema hivyo kulimaliza jambo, maana hajui kusuka. Alirudisha nyota. Kwangu mimi nilikuwa nimemaliza tatizo. Kwa mtoto, naona, nilikuwa nimempa kazi.

Jumamosi, 14 Desemba

Joto kali. Nasrin kimya chumbani. Nilifurahi kwamba anasoma.

Jumatatu, 16 Desemba

Lazima niandike hili.

Chini ya kitanda changu kuna kapu. Ndani ya kapu ulikuwemo ukili, ule ukanda mrefu wa miyaa iliyosukwa, ambao hushonwa mzunguko kwa mzunguko mpaka ukawa mkeka. Ulikuwa mweupe mtupu, bila rangi, kwa sababu mkeka wenyewe haukuwa wa kukalia. Ulikuwa wangu wa kuzikiwa. Kwetu mwanamke mwenye akili haliachi jambo hilo kwa watu wengine. Alipoletwa Mikdad, nyumba hii haikuwa na mkeka wa maiti. Tuliazima kwa jirani, na mwanangu akabebwa juu ya mkeka wa watu. Baada ya matanga nilikwenda kununua miyaa. Tangu hapo nimesuka kidogo kidogo, alasiri, mtoto akiwa chuo cha Kurani. Nilibakiza sehemu ndogo tu kabla ya kuanza kushona.

Leo nimerudi sokoni nikamkuta Nasrin amekaa sakafuni, mkasi mkononi, na ukili wangu umekatwa vipande. Vipande vimefungwa kwa uzi mweusi, ncha huku na ncha kule, umbo la nyota, kubwa kama sinia.

Alisimama akitabasamu. "Bibi, nimeisuka mwenyewe! Yaani, ilikuwa imeshasukwa."

Sikumpiga. Miaka yote ya ualimu nilipiga kwa mizani, na leo nilijua sina mizani, kwa hiyo nilifunga mikono nyuma. Lakini ulimi sikuufunga. Nilisema, "Toka mbele yangu. Nenda kwa mama yako. Nenda ukakae huko."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Kisha aliweka mkasi chini, akanipa shikamoo, sijui kwa nini, akatoka.

Nimempata baada ya magharibi. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Mkoba wake wa shule ulikuwa magotini, umejaa nguo zake.

"Unafanya nini hapo?"

"Namsubiri mama."

"Mama yako anakuja wiki ijayo."

"Najua, bibi."

Aliingia kulala nilipomwamuru. Mkoba hakuufungua.

Jumanne, 17 Desemba

"Shikamoo, bibi." "Ndiyo, bibi." "Nimeshiba, bibi." Hakuna kosa hata moja la adabu.

Jumatano, 18 Desemba

Vilevile. Mvua imerudi. Mkoba uko pale pale karibu na mlango. Nimefagia kuuzunguka.

Alhamisi, 19 Desemba

Sufiani ameingia, bila hodi, akaikuta nyota juu ya meza ya sebuleni, ambapo niliiweka kwa kutojua pengine pa kuiweka.

"Mwalimu, hiki nini?"

"Nyota."

"Nyota ya nini?"

"Unajua ya nini."

"Ndani ya nyumba ya marehemu kaka yangu! Nipe kiberiti."

"Kiberiti kipo jikoni. Lakini ujue unachokichoma. Huo ni ukili wa mkeka wangu wa kuzikiwa."

Mkono wake ulibaki hewani. Aliutazama ukili, akanitazama mimi, akakaa. Kwa muda alikuwa mdogo wa mume wangu tu, mzee mwenye magoti mabovu. Kisha niliona wazo likimjia, na sikulipenda kabla hajalitamka.

"Nasrin ndiye aliyekata?"

"Ndiye."

"Basi unataka ushahidi gani tena? Mtoto anafundishwa kwa simu mpaka anakata mkeka wa maiti afanye pambo la Krismasi! Hilo nalisema barazani."

"Hutalisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukili ni wangu na aliyekosewa ni mimi. Wewe, shemeji, hujakosewa kitu."

Aliondoka bila kumaliza chai. Nilipogeuka, Nasrin alikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Tulitazamana.

Ijumaa, 20 Desemba

Ukili ukikatwa bila kupindwa ncha, hufumuka. Leo nyota ilikuwa imeanza kuachia pembe mbili. Kazi mbovu sijawahi kuivumilia, iwe ya nani au kwa sababu gani. Nilimwita.

"Leta bakuli la maji. Leta sindano ya mikeka. Keti."

Aliketi mbali. Nilimwambia asogee, siwezi kufundisha kwa kupiga kelele. Nikamwonyesha: unalowesha kwanza, maana miyaa mikavu huvunjika, unarudisha kila utepe chini ya mwenzake, unauvuta taratibu, unashona. Vidole vyake ni vya baba yake, virefu na vyenye papara. Nilimfumulia pembe ya kwanza, akaishona upya. Ya pili nikamfumulia. Ya tatu niliiacha.

Kisha akauliza bila kuinua macho, "Bibi, ulikuwa wa nini?"

Nilimweleza. Nilimwambia na habari ya mkeka wa kuazima.

Alishona mpaka pembe ya nne ikaisha. "Nilidhani ni mkeka uliokushinda," akasema. "Nilidhani umeuacha. Kila siku unaurudisha kapuni haujaisha."

Nilijikuta nacheka, jambo ambalo sikulipanga. Yeye hakucheka. Alisema, "Ulisema niende."

"Nilisema."

"Unataka niende?"

Nje mvua ilikuwa ikipiga bati. Ningeweza kumwambia hapana. Lakini hapana yangu ingefika barazani kabla yangu, ingekaa kinywani mwake mbele ya mama yake. Nilimwambia ashike ncha ya tano.

Jumapili, 22 Desemba

Sikulala vizuri. Nimeswali, nikaomba nipewe ulimi ulionyooka.

Jumanne, 24 Desemba

Felista ameingia adhuhuri, amelowa, kikapu kimoja kichwani na kingine mkononi. Katika kile cha mkononi alikuwemo jogoo mzima, amefungwa miguu. Nasrin alimrukia mama yake, nusura waanguke wote watatu, jogoo naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Napika, mama, sili."

Sufiani alikuwepo, amejiweka kwenye kiti cha mbele kama hakimu. Felista alipiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Neno hilo lilitoka kama kidonge.

Felista akafungua kikapu. "Baba, naomba unichinjie. Nataka kesho tule sote."

Hapa kwetu Mkristo anayetaka jirani zake Waislamu wale karamuni kwake humpa Mwislamu kisu. Kukataa kisu hicho ni kutangaza kwamba hutaki kula naye, na jambo hilo hulitangazi kwa mkwe mbele ya mtoto wake. Sufiani alimtazama jogoo. Jogoo naye alimtazama Sufiani.

"Kisu kina makali?"

"Nimekinoa mwenyewe, baba."

Aliinuka, magoti yakalia. Nyuma ya nyumba alimlaza jogoo kuelekea kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akachinja. Alipokuwa akinawa akasema, "Ila neno langu la barazani sijalibadili."

"Sikukuomba ulibadili, baba. Nimeomba jogoo."

Nilitazama pembeni Sufiani asinione uso.

Jumatano, 25 Desemba

Asubuhi Felista alijiandaa kwenda kanisani. Nasrin alisimama na nyota mikononi. Watoto hupeleka kazi zao kanisani, kwenye pango la kuzaliwa Yesu. Ndivyo ilivyokuwa zamani za Anjelina na ndivyo ilivyo leo.

"Bibi, nimpelekee mama mzigo?"

Nilimwambia mzigo hupelekwa mpaka mlangoni na mwenye kubeba hurudi. Alikwenda, akarudi, amevaa hijabu yake, mikono mitupu. "Wameiweka juu kabisa, bibi! Mzee mmoja kauliza nani kasuka. Nikasema mimi na bibi yangu."

Tulikula jogoo. Sufiani alikula paja.

Jioni nilikuwa jikoni na Felista, tukiosha vyombo. Alisema huku ameinamia beseni, "Mama, chuo cha Kurani kipo nyuma ya shule yetu. Nimeshazungumza na ustadhi. Nasrin ataanza Januari."

Sahani ilinikaa mkononi. "Nani alikuagiza?"

"Mikdad. Nasrin alipozaliwa tuliahidiana atalelewa kwa dini ya baba yake. Angekuwa hai angemsimamia mwenyewe. Hayupo, nasimamia mimi."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Hukuniuliza, mama. Ukipokea simu unaniuliza mvua, halafu unanipa Nasrin."

Ni kweli. Wiki zote hizi nimekuwa nikipigana na mwanamke ambaye sijamwuliza swali hata moja. Nilimkabidhi sahani aisuuze. Lakini niandike ukweli wote: kujua hivyo hakukunifanya nitake kumwachia mtoto. Kulininyang'anya sababu tu.

Alhamisi, 26 Desemba

Baraza lilikaa sebuleni. Wazee watatu wa ukoo, mwenyekiti wa mtaa, Sufiani. Felista aliketi kwenye mkeka karibu na mlango, mikono mapajani. Niliona kwamba mikono hiyo ilikuwa na makovu ya mafuta ya moto. Nasrin alikuwa chumbani, lakini pazia halikutulia.

Sufiani alieleza kwa urefu. Ukili hakuutaja, kama nilivyomkataza. Kisha mwenyekiti, ambaye nilimfundisha kusoma, alinigeukia. "Mwalimu, tunakusikiliza wewe. Mama huyu alimtelekeza mtoto?"

Nilijua neno "alimtelekeza" lingefanya nini. Lingemlaza mtoto chumbani kwangu usiku wa leo, na kesho, na mwaka mzima. Lingemweka mezani akikosea hesabu. Hakuna mtu sebuleni humo ambaye angelipinga, na Felista mwenyewe asingeinua sauti mbele yangu; hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Nilisema, "Hakumtelekeza. Alimleta kwangu kwa mkono wake ili akatafute riziki, na kila Ijumaa alipiga simu. Mtu anayemtelekeza mtoto hafanyi hivyo."

"Mwalimu!" Sufiani alisema.

"Sijamaliza."

Mzee mmoja akasema basi mtoto aitwe, aulizwe anampenda nani zaidi, atakwenda kwake. Nilisimama. Nikawaambia mtoto haulizwi swali hilo mbele ya watu wazima saba, na katika nyumba yangu hataulizwa kamwe. Atakwenda na mama yake. Chuo kipo, ustadhi yupo. Likizo atakuja kwangu. Nimesema.

Sufiani alichukua kofia yake akatoka bila kuaga. Wazee walikunywa chai yote.

Felista hakushukuru. Alishika mkono wangu akauweka kwenye paji la uso wake, akaushikilia hapo mpaka nikamwambia chai inapoa.

Jumamosi, 28 Desemba

Wameondoka na basi la asubuhi. Nasrin alinipa shikamoo kituoni, nikaitikia. Aliuliza swali lile tena, kwa njia nyingine: "Bibi, unataka nirudi?"

Nikamwambia, "Ndiyo." Sikuongeza neno. Alinitazama vizuri, kama anayekagua jibu, akapanda.

Jumanne, 31 Desemba

Mvua imekatika. Nimepika wali mwingi kuliko unaotakiwa.

Adhuhuri mtu alipiga hodi. Nilikwenda kufungua nikidhani ni mgeni. Alikuwa Sufiani, amesimama nje ya mlango, kofia mkononi.

"Karibu," nikasema.

Aliketi. Nilimpakulia. Alitazama sahani muda mrefu.

"Amefika salama?"

"Amefika."

"Analia?"

"Mama yake anasema halii."

Akala tonge moja, akaacha. "Na wewe, shemeji?"

Nilimwambia ale, wali unapoa. Nikakaa mbele yake, nami nikala.